Kijumba cha Mtu Mmoja

Shemeji yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na mtaa mzima ulimwita Honi. Jina alilistahili. Kila aliporudi safari, akifika pale kona ya muuza mkaa alipiga honi mbili, moja ndefu na moja fupi, na kabla vumbi halijatua dada yangu alikuwa ameshabandika maji ya kuoga. Watoto wa mtaa walijifunza kuiiga ile honi kwa midomo, na si mara moja dada alibandika maji ya mtu ambaye bado yuko mpakani. Akigundua amechezewa alicheka, akayatumia yale maji kufulia.

Huyo ndiye dada yangu. Alizeeka akichemsha maji ya mtu aliye njiani.

Mimi ni mdogo wake, yeye ndiye aliyeniachia ziwa. Nashona mapazia. Nina cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na wateja wangu wanasema ulimi wangu unakata kuliko mkasi. Waseme. Honi hakuwahi kulalamika. Alijua shemeji ni mtani wako, na ukiona kanyamaza ujue kuna msiba.

Dereva wa masafa kwake ni pale gari lilipo. Nyuma ya kiti cha usukani pana kitanda chembamba, kama rafu ya kuwekea masufuria, na hapo ndipo Honi alipolala ujana wake wote na utu uzima wake wote. Nyumbani alikuwa mgeni wa heshima. Aliondoka mtoto hajaota jino, akarudi mtoto yule anamkimbia na kujificha nyuma ya mama yake. Binti yao mkubwa alipokuwa mdogo aliwahi kumwambia mwalimu kwamba baba yake ni lori. Tulicheka sana siku hiyo, na dada alicheka kuliko sisi wote, lakini nilimwona akijifuta macho kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Hakumsema mumewe hata siku moja. Watu walimwambia, mwenzetu, huko barabarani mwanaume ana nyumba kila kituo. Aliwajibu kwamba lori lile lina kitanda cha mtu mmoja, amekipima mwenyewe. Nami aliniambia, tukiwa tunaanika nguo, neno ambalo ndilo lililomweka: "Mdogo wangu, gari nalo huzeeka. Likizeeka litanirudishia mume wangu."

Basi likazeeka. Au tuseme macho ya Honi yalitangulia kuzeeka. Alianza kuona taa moja kama mbili, na kampuni ikamshukuru, ikampa mkono na fulana yenye nembo, akarudi nyumbani kwa miguu. Siku hiyo hakukuwa na honi. Dada alishtukia tu mtu yuko mlangoni na begi lake, na maji hayajabandikwa.

Alikuwa amejiandaa kwa ajili ya siku hiyo kama bibi harusi. Alishanunua kitanda kipana, futi sita kwa sita, na mapazia nilimshonea mimi, ya maua. Tatizo ni kwamba Honi hakuweza kulala humo. Alisema dari iko mbali mno. Alisema akigeuka hakuna kinachomgusa mgongo. Mtu aliyezoea ukuta wa bati nyuma yake na usukani mbele yake, ukimlaza katikati ya uwanja anabaki macho tu. Dada akiamka asubuhi anamkuta amelala ameketi, ukumbini, kwenye upenyo kati ya kabati na ukuta, magoti yamefika kidevuni. Mara ya tatu akamkuta ndani ya teksi mbovu ya jirani, iliyokuwa juu ya matofali, na majirani nao walishamwona kabla yake.

Mtaa ukapata la kusema. Mke kamfukuza. Hapana, mume ndiye kamkinai. Nikaenda kumuuliza mwenyewe kama dada yangu ana kunguni. Alitabasamu nusu mdomo.

"Shemeji," akaniambia, "nyumba hii imenizidi. Najiona kama punje ya mchele ndani ya pipa."

Wakati huohuo binti yao mkubwa, yule wa baba yake ni lori, alirudi nyumbani na watoto wake wanne baada ya ndoa kumshinda. Nyumba ikajaa vilio na viatu. Ndipo Honi akaja na wazo lake: nyumba kubwa wamwachie binti na wajukuu, na wao wazee wawili wajenge kijumba pale uani, kidogo, cha kuwatosha.

Nilidhani dada atakataa. Nyumba ile aliijenga yeye kwa kusimamia mafundi peke yake, tofali kwa tofali, mume akiwa njiani. Lakini alikubali kwa haraka hata nikamshangaa. Alisema, "Nimemngoja kwenye nyumba kubwa hakuja. Acha nimfuate kwenye ndogo." Akazifunga nguo zake kwenye shuka, akatengeneza furushi, akaliweka nyuma ya mlango wa chumba. Mtu akimuuliza, anajibu kwamba yuko safarini.

Honi akaenda kwa wauza vyuma chakavu akapata tela kuukuu, lile gari la kukokotwa ambalo halina injini. Akalivuta mpaka uani, na mchomeleaji wa mtaani akamsaidia kuunga fremu ya chuma juu yake. Mbao, mabati na plaiwudi alipiga mwenyewe. Magurudumu aliyaacha. Nilimuuliza ya nini, akasema mtu hajui kesho. Nikamwambia kesho yake iko palepale chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Nisiwe mchoyo wa sifa, kijumba kilikuwa kizuri. Kila kitu kilikuwa na mahali pake. Meza ilikuwa ya kukunja, ukiishusha unakula, ukiipandisha ni ubao wa ukuta. Chini ya kila kiti kuna sanduku. Rafu za vyombo alizizungushia kingo, na vikombe akavitungika kwenye ndoano, vyote kwa mpini, ili visianguke kwenye kona. Dada alivitazama vile vikombe akaniambia, "Shemeji yako anaogopa kona. Nyumba haitoki hapa, lakini yeye anaogopa kona." Dirisha kubwa alilielekeza getini, kama kioo cha mbele cha lori. Upande wa jikoni kwa dada kulikuwa na bati tupu.

Siku ya kupima mapazia tuliingia pamoja, mimi na dada. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia, maana Honi alimkataza mpaka rangi ikauke. Nikapima dirisha, nikageuka kutafuta dirisha la pili, nisilione, nikaona kitanda. Kilikuwa mwisho kabisa wa kijumba, kimebanwa kati ya kuta mbili, godoro jipya juu yake bado na nailoni. Kilikuwa chembamba kama rafu ya kuwekea masufuria.

Niliikunja tepu kabla ya kumaliza kupima. Nami si kawaida yangu.

Dada alikaa juu yake. Kisha akajilaza taratibu na viatu vyake, mikono kifuani, akaenea sawasawa, bega huku linagusa bati na bega kule linaning'inia.

"Mimi nimeenea," alisema akitazama juu. "Wewe utalala wapi?"

Honi alikuwa mlangoni na nyundo mkononi. Alikitazama kile kitanda kama mtu aliyesahau mtoto stendi. Naapa hakuwa amekiona mpaka dakika ile. Alipima kwa mwili wake, kama alivyopimiwa na lori maisha yake yote, na mwili wake ulikuwa mmoja.

Akasema ataongeza ubao. Dada akainuka, akajipangusa, akasema haya, aongeze, lakini yeye atalala upande gani.

"Wa kushoto. Wa utingo," Honi akajibu, akimaanisha yule msaidizi anayekaa pembeni ya dereva.

"Afadhali," dada akasema. "Nimeajiriwa."

Tukacheka wote watatu, na likaishia hapo. Nilidhani limeishia. Ila ubao haukuongezwa. Akiongeza kushoto anaziba mlango, akiongeza kulia anatoboa ukuta. Honi akawa anauzunguka mtihani huo kila siku, anapiga msumari huku, anapiga randa kule, na wakati huo analala humo peke yake, usingizi mzito kama wa mtoto. Dada alilala nyumba kubwa na wajukuu. Furushi lilibaki nyuma ya mlango.

Hapo ndipo alipokuja Bi Futi.

Huyo ni mkaguzi wa majengo wa halmashauri, binti mdogo tu, ila hakuna asiyemwogopa kwa sababu ya tepu yake ya kupimia na kopo lake la rangi nyekundu. Jengo lisilotakiwa analipiga alama ya mkasi, na ukishapigwa mkasi anza kutafuta pa kuhamia. Jengo dogo linaloruhusiwa analiandikia mlangoni idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala humo, ili wenye nyumba wasirundike wapangaji kama dagaa. Kuna mtu alimpelekea umbea kwamba Honi ameegesha gari uani na analala ndani yake. Siku hiyo nilikuwa nimeleta mapazia.

Alilizunguka tela mara mbili. "Mzee," akauliza, "hili ni gari au nyumba?"

Honi akasema ni kijumba.

"Kijumba hakimo kwenye sheria, baba. Kwenye sheria kuna nyumba, kuna banda, kuna choo. Kama ni gari, nionyeshe bima. Kama ni nyumba, nionyeshe msingi."

Nikamwambia, mwanangu, banda lina mapazia ya namna hii? Akayatazama, akasema mazuri, na akaendelea na kazi yake. Simlaumu. Alieleza vizuri tu, bila ukali: magurudumu yaondolewe, kijumba kikalishwe juu ya nguzo za zege, hapo kitakuwa nyumba. Akaingia ndani akapima urefu, akapima upana, akatoka akifungua kopo la rangi. Dada alikuwa anakuja kutoka jikoni na sinia la chai, vikombe vitatu vya wenyeji na kimoja cha mgeni.

"Humo mko wangapi?" Bi Futi akauliza.

"Mmoja, afande," Honi akajibu.

Lilitoka hivyohivyo, upesi, kifua mbele, macho yakitazama mbali. Afande, kwa binti yule wa kumzaa. Dada alisimama. Aliinama, akaliweka sinia kwenye ngazi ya kijumba bila kumwaga tone, akarudi jikoni. Bi Futi, ambaye hakuona lolote, akasema hapo sawa, kwa mmoja upana unatosha, kwa wawili usingetosha. Akachovya brashi, akaandika mlangoni, kubwa, na duara juu yake: 1.

Alipoondoka nilimgeukia shemeji. Sikumtania. Nilimuuliza amesema nini mbele ya mke wake.

Akawa ameshika kichwa. Alisema swali lile ameulizwa kila kizuizi cha askari, kila mizani, kila mpaka, tangu ana nywele nyeusi. Mko wangapi humo? Mmoja, afande. Hata gizani, hata usingizini. "Mdomo umejiendea wenyewe, shemeji," alisema. "Mimi sikuwemo."

Nilimwamini. Ile "afande" ilikuwa shahidi tosha. Nikaenda jikoni kumweleza dada, neno kwa neno. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

"Namwamini," alisema. "Ndiyo maana inauma. Angesema mmoja kwa ujanja, ili apate kibali, ningejua kwamba alinihesabu kwanza ndipo akanitoa. Huyu hakunitoa. Sikuwemo kwenye hesabu."

Jioni ile alilifungua furushi, akazirudisha nguo kabatini moja moja.

Hawakugombana. Laiti wangegombana. Chakula kilipikwa kama kawaida na kilipelekwa kijumbani kimefunikwa vizuri. Ila Honi akiingia jikoni, dada alikuwa anamwambia karibu, na kumvutia kigoda. Mke akishakukaribisha kwenye jiko lako mwenyewe, ujue umeshatolewa. Honi alikaa kwenye kile kigoda kama mtu anayesubiri kuhudumiwa dukani, akanywa chai, akashukuru, akatoka. Na kila akitoka anakutana na ile moja nyekundu. Kutoka mlango wa jiko ilionekana hata bila miwani.

Shemeji yangu hakuwa mtu wa maneno. Barabarani maneno yake yote yalikuwa honi, na uani huwezi kumpigia mkeo honi ukaeleweka. Alijaribu kuikwangua ile namba kwa msasa, ikabaki kivuli chekundu, ikawa mbaya zaidi. Ndipo akavaa shati lake la safari, akaenda ofisini kwa Bi Futi, akakaa kwenye benchi la ukumbini na wenye malalamiko wengine. Alinisimulia baadaye. Alimwambia yule binti kwamba ile namba imekosewa, alikosea yeye, mdomo ulikosea, na anaomba iandikwe mbili. Bi Futi akasema namba haikukosewa, upana ndio mdogo, akitaka mbili apanue. Akimaliza amwite.

Basi akapanua. Kwanza aliyaondoa magurudumu. Hapo nilijua mambo yamekuwa mazito. Alimpa muuza mkaa wa pale kona, akayafanya viti vya wateja. Akamwaga nguzo za zege, akakalisha kijumba. Kisha akachukua mtarimbo, akabomoa ukuta wa kulia, ule wa bati tupu uliotazama jikoni. Waswahili tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alianza kwa kuubomoa kwanza.

Kijumba kikabaki wazi upande mzima, kama kabati lisilo na mlango. Ukisimama jikoni unaona kila kitu: vikombe vyake kwenye ndoano, meza yake ya kukunja, kitanda chake, na yeye mwenyewe akikata mbao na macho yake yale ya taa mbili. Siku za mwanzo dada aliupa ule upande mgongo. Lakini mwanamke aliyesimamia mafundi nyumba nzima hawezi kuona msumari unapigwa pembeni akanyamaza.

"Huo ubao umepinda," alisema siku moja kutoka mlangoni.

Honi akasema ni macho.

"Basi ngoja."

Akajifuta mikono, akavuka ua, akaushika ule ubao upande wa pili. Mimi nilikuwa nimekuja kuomba chumvi, nikarudi bila chumvi, ili nisiwakatishe. Tangu siku hiyo wakawa wanajenga wawili. Dada alikuwa bosi. Alitaka ukuta mpya uwe na dirisha, liwe usawa wa mto wa kulalia, ili akifungua macho aone jiko lake. Honi akasema dirisha pale litaingiza upepo mgongoni mwake. Dada akamjibu kwamba mgongo ule utazibwa na yeye. Alikuwa mzee mwenye wajukuu, na alilisema mbele yangu bila kupepesa.

Nikaitwa kupima pazia jipya. Kitanda kilikuwa kimeshaunganishwa, kipana, godoro limeletwa, limeegeshwa na nailoni yake. Nilipopita chumbani kwa dada kuchukua mkasi wangu, nililiona furushi. Lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa upya, fundo limekazwa.

Miguu yake ilikuwa imevimba wakati huo. Tuliiona. Alisema ni kusimama. Kifua kikaanza kumbana akipanda ngazi ya kijumba, akasema ni vumbi la mbao. Binti yake alimlazimisha mpaka wakaenda hospitali, na hospitali hawakumrudisha, wakamlaza. Moyo, walisema. Ulikuwa umepanuka.

Wodi ya wanawake mwanaume haruhusiwi kukaa, isipokuwa saa za kuona wagonjwa. Honi alikaa ukumbini kwenye benchi, na hapo ndipo alipolala siku zote zile, ameketi, kichwa kimeegemea ukuta. Kulala ameketi alikuwa fundi. Saa za kuona wagonjwa zikifika anasimama pembeni ya kitanda, hajui mikono aiweke wapi. Dada alimwambia asogee akae, kitanda kinatosha. Akakaa kwenye ukingo, nusu ya mwili hewani, anaogopa kumbana.

Neno la mwisho dada aliloniambia ni la kazi. Alisema, "Mwambie aweke ukuta kabla ya mvua. Mbao zikilowa zitavimba, na mlango hautafunga." Alifariki asubuhi, manesi wakiwa wanapokezana zamu, binti yake akiwa ameenda kuchukua uji. Honi alikuwa palepale ukumbini. Ukuta ulikuwa katikati yao.

Msiba uliwekwa nyumbani, uani, maana ndani hakutoshi. Watu walijaa. Na kwa kuwa kijumba kilikuwa bado wazi upande mmoja, kila aliyekaa kwenye mkeka alikuwa anakitazama. Kitanda cha watu wawili hadharani, godoro na nailoni yake, dirisha limeegeshwa chini bila ukuta wa kulishika. Akina mama watu wazima waligeuza nyuso. Mwisho nikachukua pazia moja la maua la chumbani kwake, refu kuliko yote niliyowahi kumshonea, nikalitundika pale palipokosa ukuta. Halikufika chini, lakini lilisitiri.

Baada ya mazishi nilidhani ataliacha jengo lile lioze. Honi alisubiri wageni waondoke, akachukua nyundo. Aliweka ukuta kabla ya mvua. Aliweka dirisha usawa wa mto, kama alivyoagizwa. Hakuna aliyemshikia ubao. Nilikwenda nikajitolea, akaniambia, "Kaa tu, shemeji," na mbao mbili zimepinda mpaka leo.

Halafu akaenda kumwita Bi Futi, kama walivyoagana.

Alikuja na tepu yake na kopo lake. Hakuwa na habari. Alisifu nguzo, akapima upana, akapima tena, akasema safi sana mzee, watu wote wangekuwa hivi kazi yangu ingekuwa nyepesi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na binti wa marehemu, na moyo wangu ulijua swali gani linafuata.

"Haya, sasa," akasema, brashi mkononi. "Humo mko wangapi?"

Safari hii mdomo wa Honi haukujiendea. Uliulizwa, ukafikiri.

"Wawili," alisema.

Bi Futi akachungulia ndani. Akaona kitanda kimetandikwa, upande wa ndani umelaliwa, upande wa utingo, ule wa dirishani, kuna furushi la shuka, limekaa juu ya mto. Akatutazama. "Na mama yuko wapi?"

Binti alifungua mdomo. Nikamshika mkono.

"Ametangulia," nikasema.

Kwa Kiswahili chetu neno hilo lina njia mbili, mtu apite anayoiweza. Sijui Bi Futi alipita ipi. Alinitazama, akautazama mgongo wa Honi, ambaye alikuwa amegeukia ukuta kama anaukagua, kisha akachovya brashi. Alichora 2 taratibu juu ya kivuli cha ile moja, akaizungushia duara. Hakuandika kitu kingine chochote. Akafunga kopo lake, akasema, "Poleni," kwa sauti ya chini, akaenda.

Namba iko pale hadi sasa. Wajukuu wakienda kucheza kijumbani wanahesabu vikombe, wanauliza kwa nini babu anaosha viwili. Mchana Honi hukaa kwa muuza mkaa, juu ya gurudumu lake mwenyewe, akitazama malori yanavyokata kona. Yakipiga honi hainui kichwa.

Juzi alipita kibarazani kwangu. Pazia la dirisha lile linalotazama jikoni lilikuwa limeanza kuchanika, akaleta nilikunje pindo. Nikamuuliza, kwa mzaha wetu wa zamani, kama siku hizi analala au bado anazivamia teksi za watu. Akasema analala. Kitanda ni kizuri, akasema, na dari iko karibu.

"Ila mgongo, shemeji," akasema. "Unapata upepo."